Kupiga Picha Pwani ya Tanga Msimu wa Vuli: Fuata Maji, Mwanga Utafuata

Upepo wa kusi umelegea. Asubuhi kuna upepo mwepesi wa matlai, maji ya ghuba yanaanza kusafika, na kwenye tope la pwani sululu, ndege wale wa mdomo mrefu uliopinda, wameshashuka. Kwa sisi tunaopiga picha za asili, Oktoba hadi Desemba ni wakati wa kutoa kamera kabatini.

Ulaya na Amerika Kaskazini wenzetu sasa hivi wamo misituni wakifuata majani mekundu na ya manjano. Kule siku zinafupika, baridi inaingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, na manjano iliyokuwa imefunikwa inajitokeza. Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, siku zetu hazibadiliki sana. Lakini majira hayohayo ndiyo yanayowasukuma ndege wa mbali waje kwetu. Wapo vitwitwi kwenye fukwe zetu waliozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia miezi michache iliyopita. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, ila wageni hawa wengi wao watakaa hadi Machi au Aprili. Una muda wa kujifunza, mradi uanze vizuri.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kutazama saa

Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima. Mtu anaamka alfajiri, anafika ufukweni, anakuta maji yamepwa hadi upeo wa macho na ndege ni vidoa. Lenzi ya milimita 300 haitakusaidia kitu.

Kumbuka hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kwetu hujaa karibu na saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, kisha hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja hali inageuka: ni maji mafu, yanajaa mnamo saa 4 na kupwa mnamo saa 10, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Ndege wa tope wanaishi kwa ratiba hiyo. Maji yakipwa wanatawanyika kula minyoo na kaa wadogo. Yakijaa wanasukumwa juu, wanakusanyika kwenye kipande kidogo cha mchanga au pembezoni mwa mikoko, karibu na wewe.

Sasa ongeza jua. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ukisimama nchi kavu jua liko usoni mwako. Jioni liko mgongoni, linawamulika ndege moja kwa moja, na msimu huu linazama karibu na saa 12 na robo. Unganisha mambo hayo mawili na jibu linakuja lenyewe: jioni ya mwezi mpevu au mwandamo, na siku 2 au 3 baada yake. Maji yamejaa, ndege wako karibu, mwanga uko nyuma yako. Ningeambiwa nichague siku chache tu za kupiga picha kwa mwezi mzima, ningechagua hizo bila kufikiri mara mbili. Jedwali la maji linapatikana kwenye simu, lakini muulize pia mvuvi wa hapo ulipo, kwa sababu anajua ni fungu lipi la mchanga linalobaki juu.

Hatua ya 2: Fika mapema, kaa chini, tulia

Fika saa moja kabla maji hayajafika kileleni. Chagua mahali, kaa chini kabisa, hata ulale kifudifudi, kamera iwe usawa wa jicho la ndege. Picha iliyopigwa kwa kusimama inamwonyesha ndege akiwa juu ya tope. Ukilala, tope la mbele na la nyuma linafifia, naye anabaki peke yake.

Usiwafuate, waache wakuzoee. Ukiona wameacha kula, wameinua vichwa wote kwa pamoja, umeshasogea mno, rudi nyuma taratibu. Nalisisitiza hili kwa moyo wote: ndege aliyetoka Siberia anahitaji kila kaa anayempata ili arejeshe mafuta mwilini kabla ya safari ya kurudi. Kuwarusha makusudi ili upate picha ya kundi angani ni kuwanyang'anya chakula. Wataruka wenyewe, kipanga akipita au maji yakiwafikia miguuni. Uwe tayari tu.

Na watu pia. Pwani ni mahali pa kazi. Kuna akina mama wanaookota chaza na vijana wanaovuta nyavu. Shikamoo kwanza, eleza unachofanya, omba ruhusa, halafu ndiyo utoe kamera. Droni ni habari nyingine, ina vibali vyake, usiirushe bila hivyo.

Hatua ya 3: Panga kamera

Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka) ya sekunde 1/500 inatosha. Akiruka, panda hadi 1/2000. Tundu la lenzi f/5.6 au f/8. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande yenyewe hadi 1600 jioni, punje kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Kosa linaloua picha nyingi za pwani ni weupe. Yangeyange kwenye tope jeusi huidanganya kamera, inaona giza nayo inaongeza mwanga, manyoya yote yanaungua. Punguza mwanga kwa theluthi 2 za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera), au hata stopu nzima, kisha kagua picha ya kwanza kabla ya kuendelea. Manyoya yaonekane mojamoja.

Mwenye simu asikate tamaa. Simu haitakupa sululu, lakini itakupa mizizi ya mkoko, kaa wa tope wenye gando moja kubwa, na ngalawa asubuhi jua likiwa nyuma yake. Gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo ili ngalawa ibaki kivuli cheusi chenye umbo safi.

Mchana acha. Mapema Oktoba jua la Tanga hupita utosini kabisa, na wiki nyingi zinazofuata bado liko juu sana saa 6. Huo ni muda wa kula na kulala.

Hatua ya 4: Mvua ikija, panda Amani

Wengi hufunga kamera vuli ikianza. Mimi nasema mvua ndiyo sababu ya kwenda Muheza na kupanda hadi Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki. Chini ya mawingu msitu unapata mwanga laini usio na madoa ya jua. Tumia tripodi, maana chini ya miti ni giza hata saa 5. Ukiwa na kichujio cha polaraiza, kizungushe hadi ule mng'ao wa maji kwenye majani upotee, na kijani kitatokea chote.

Tafuta miamba yenye unyevu na kivuli uone ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku, alilipeleka kwao. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Kwetu liko porini. Usiling'oe wala usilikanyage. Usiku, kwa tochi, vinyonga waliolala huonekana weupe kwenye vitawi. Wapige walipo, usiwashike.

Nawe uliyetamani majani mekundu, tazama mti wa mkungu. Kabla ya kupukutisha, majani yake hugeuka mekundu kama kaa la moto, na mitaani mwetu ipo mingi. Lala chini yake jua la jioni likipenya.

Hatua ya 5: Safisha usiku huohuo

Chumvi haisubiri kesho. Futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Miguu ya tripodi ifungue na kuisuuza. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi, la sivyo lenzi itajaa ukungu wakati mwanga mzuri unapita.

Mafunzo ya msimu huu

Nimeyapanga kwa mafungu mawili. La pwani litaanza siku ya mwezi mpevu wa Novemba na kuendelea jioni zinazofuata, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. La Amani litakuja mvua ikishakolea, kwa hiyo tarehe itatoka karibu na siku yenyewe. Kundi ni dogo, na anayeanza kwa simu anakaribishwa sawa na mwenye lenzi kubwa. Kwa pwani njoo na viatu vya kuingia topeni, kofia, maji ya kunywa na mfuko wa plastiki wa kufunika kamera. Kwa Amani ongeza koti la mvua, sweta, tochi ya kichwani na betri ya akiba, na utenge fedha za kiingilio cha hifadhi. Barabara ya kupanda huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo tutaondoka Muheza asubuhi na mapema, na hatutashuka usiku.