Namna ya kukagua daraja la mtaani kwenu kabla mvua haijalikagua

Jamani wenzangu wa Mwanza, naandika hii mapema kabla mvua za vuli hazijachanganya, maana zikishaanza kila mtu anahangaika na maji yaliyoingia ndani kwake. Mimi ni fundi ujenzi, nakaa huku milimani juu ya Mabatini, sio injinia, ila zege na nondo nimezishika miaka mingi, na ninachotaka tuelewane ni kwamba daraja linaanza kuumwa chini. Sisi tunaliangalia juu, tunaona lami ipo, kingo zipo, bajaji zinapita, tunasema zima hilo, kumbe mguu wake umeshaliwa na maji zamani.

Najua macho yetu yote yako kwenye daraja la Kigongo–Busisi, na ni haki, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, tangu lifunguliwe Juni 2025 hatukai tena foleni ya kivuko. Lile lina wataalamu wake. Mimi naongelea vile vidaraja na kalvati za mtaani, yale matundu ya kupitishia maji chini ya barabara, ambazo watoto wanavuka kwenda shule na mama zetu wanavuka na mabeseni, hazina hata jina, na kama wewe unayekaa jirani huzitazami basi inawezekana kabisa hakuna anayezitazama.

Anza kwa kujua daraja ni la nani, usije ukapeleka barua mlango usio wake ukazungushwa mwezi mzima. Kwa kifupi barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwahiyo madaraja ya barabara kama Nyerere na Kenyatta yako kwao, na barabara za mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawa walianza 2017. Kama hujui mtendaji wa mtaa atakwambia.

Siku ya kukagua usichague siku ya mvua. Subiri siku mbili tatu maji yashuke. Vaa gambuti, na usiingie kwenye maji peku hata kama ni ya kifundoni, kichocho kanda ya ziwa kipo, na chupa zilizovunjika humo mtoni sio kidogo. Nenda na mwenzako. Beba futi kamba, nyundo ndogo, chaki, daftari, simu yenye chaji, na kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa kama mita moja na nusu, hiyo nondo ndio kifaa chenyewe, utaona kazi yake.

Sasa shuka chini. Huku kwetu milima ni mawe matupu, mvua ikipiga hata nusu saa maji hayana pa kuzama, yanateremka yote kwa mkupuo mmoja, na maji yakiongeza kasi mara 2 msukumo wake unaongezeka mara 4. Yakifika kwenye nguzo au ukuta wa daraja yanajizungusha palepale chini na kuchimba, yanatoa mchanga kidogo kidogo mpaka msingi unabaki unaning'inia. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, mafuriko yakipungua maji yanarudisha tope na kulijaza lile shimo, ukiangalia kwa macho unaona ardhi ipo, imetulia kabisa. Kumbe ni uji.

Ndio kazi ya nondo. Ichomeke wima pembeni ya msingi, kila baada ya hatua moja, kushoto, kulia, na hasa ule upande maji yanakotokea. Ardhi nzuri inakataa, ikiwa mwamba unausikia mpaka kwenye kiwiko. Ikizama bila kubishana hapo pameliwa. Baada ya masika nilifanya hivyo kwenye kidaraja chetu, upande wa kulia nondo iligonga mwamba kina cha kiganja tu, nikahamia kushoto ikazama mpaka ngumi yangu ikagusa tope. Mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la dagaa akanisalimia, mwangaluka fundi, unatafuta nini huko. Nikamwambia mama njoo uone, akatua beseni akainama, nikaichomoa nondo nikaizamisha tena mbele yake. Alinyamaza kidogo alafu akasema, yani hapa napita kila alfajiri. Mpaka leo namfikiria yule mama mvua ikinyesha usiku.

Kitu kingine cha kufanya hapohapo ni kupima kutoka tumbo la daraja mpaka chini mtoni. Weka alama ya rangi kwenye zege ili kila ukipima upime sehemu ileile, andika namba na tarehe. Letu kabla ya masika lilikuwa sentimita 142, baada ya masika 181. Namba mbili hizo zina nguvu ofisini kuliko maneno ya mtaa mzima. Alafu angalia kama kuna watu wanachota mchanga karibu na daraja, najua ni riziki ya mtu na sipendi kumfukuza mwenzangu kazini, lakini mchanga wa chini ya daraja ukiuzwa msingi unateremka nao, kaeni naye mumwelekeze pa kuhamia.

Wale wa chini zaidi, karibu na mto unapoingia ziwani, shida yenu inakuwa kinyume. Pale maji yanapunguza mwendo, tope na taka vinatua, na ziwa likijaa kama lilivyojaa 2020 mto unakosa pa kumwaga unarudi nyuma. Kwahiyo nyie mkipima mtaona namba inapungua badala ya kuongezeka, tundu la daraja linaziba, na mvua kubwa ikija maji yanapita juu. Hilo nalo ni ugonjwa, liandikeni vilevile.

Ukiwa bado chini washa tochi utazame tumbo la daraja. Unatafuta madoa ya kahawia, vipande vilivyobanduka, na nondo zilizojitokeza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa, ikianza ndani inavimba na kulisukuma zege mpaka linapasuka, maji yanaingia zaidi, kutu inazidi, ndio hivyo mpaka zege linatapika nondo. Mara nyingi chanzo ni siku ileile ya kumwaga zege, biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, hazikuwekwa, nondo zikalala kwenye mbao za fomu, kava, yaani zege linaloifunika nondo, ikawa sentimita moja badala ya nne au tano. Gonga na nyundo taratibu, zege zima linalia kwa ukali, lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Pakilia debe chora duara kwa chaki upige picha, usiendelee kugonga, na usisimame chini yake.

Kutu ya ndani msiidharau kwa sababu haionekani. Kule Genoa, Italia, tarehe 14 Agosti 2018 daraja kubwa lilikatika likaua watu 43, na nyaya zake za chuma zilikuwa zimefunikwa na zege, zimelika ndani huku juu magari yanapita kama kawaida.

Nyufa zisikutishe zote. Ule ufa mwembamba kama unywele kwenye zege ni kawaida. Chukua karatasi tatu za kuprintia uzipange pamoja, hapo una kama milimita 0.3, ufa ukizimeza hizo tatu uandike. Ukimeza kadi ya benki hiyo ni zaidi ya milimita 0.7, usisubiri. Ila kikubwa kuliko upana ni kama ufa unatembea, kwahiyo weka mstari wa kalamu pale ulipoishia na tarehe, alafu pakaa jipsamu kidogo kwa kuukatiza. Jipsamu ikipasuka baada ya wiki chache jua daraja linahama. Ufa ulalao kwa mshazari karibu na mahali daraja linapokalia ukuta nauogopa kuliko yote.

Panda juu sasa, huku sio kurefu. Simama pale barabara inapokutana na daraja. Kama magari yanadunda wakati wa kuingia, au kuna shimo dogo pembeni ambalo kila mkilijaza kifusi linarudi, udongo wa nyuma ya ukuta unachukuliwa na maji na lami imebaki kama kifuniko. Gari zito likikanyaga hapo linaingia. Tazama vitundu vya kutolea maji kama vimeziba, tazama vyuma vya kingo kama vipo, vinakatwa vinauzwa chuma chakavu, na mtoto akivuka usiku anadondoka. Miche ya mkuyu inayoota kwenye nyufa ing'oeni ikiwa midogo, mzizi wake ni kabari.

Kuna kazi za kwetu na kazi zisizo zetu. Kutoa taka tundu lisizibe, kuzibua vitundu, kufyeka, hizo ni zetu, mtaa mzima Jumamosi moja zinaisha. Lakini tafadhali msipige plasta juu ya zege lililotapika nondo. Niliwahi kuona mkandarasi akifanya hivyo mtaani kwetu, ilipendeza, watu walishukuru, masika moja tu ikabanduka yote na nondo zimekuwa nyembamba kama njiti. Tiba yake ni kuchonga zege bovu mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, iliyolika sana inaongezewa nyingine, ndipo linajazwa zege la nguvu na kumwagiliwa maji angalau siku 7. Na injinia ndiye aamue kama daraja libebwe kwa magogo wakati wa kazi.

Mguu ulioliwa nao haujazwi kifusi, mvua ya kwanza inakiondoa. Unahitaji zege chini ya msingi na gabioni, yale mawe yaliyofungwa kwenye wavu, chini yake kitambaa maalum ili udongo usinyonywe kupitia katikati ya mawe. Mawe Mwanza tunayo kuliko kitu chochote, kwahiyo kwenye barua semeni mtaa uko tayari kusaidia mawe na nguvu kazi, hiyo inasogeza mambo.

Barua iwe fupi. Daraja liko wapi, na pini ya ramani kutoka kwenye simu, vipimo na tarehe zake, picha zisizozidi nne, watu gani wanalitumia. Ipitie kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, bila mhuri ni kama hujaandika. Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai na mipango inapangwa miezi mingi kabla, barua ya Oktoba au Novemba ina nafasi kuliko ya Mei.

Na likiwa linacheza, limeinama, au udongo umekatika ghafla, achana na barua. Fungeni njia kwa mawe na matawi pande zote mbili, tundikeni kitambaa chekundu, waambieni vijana wa kijiwe cha boda kwanza maana wao ndio wanavuka usiku, mpigieni mwenyekiti, na Zimamoto ni 114. Maji yakipita juu ya daraja mtu asijaribu, sentimita 15 za maji yenye kasi zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuondoka na gari dogo.

Letu nimeshaliandikia, mhuri upo. Upande wa kushoto tumeweka mawe makubwa kwa muda na tumezuia bajaji na pikipiki, wanapita watembea kwa miguu peke yao wakishikia kulia. Mvua ya kwanza ikipita nashuka tena na futi kamba, ikiwa imezidi 181 tunafunga kabisa, na yule mama wa dagaa nimeshamwonyesha njia ya kuzunguka.