SOMO: Kumpa mgeni diski pepe kwenye haipavaiza ndogo ya KVM

Swali ni lile lile kila mara: kerneli ya mgeni inawaka, diski haionekani, au inaonekana, kisha inaganda. Naliandika hapa mara moja, tuwe tunaelekezana huku. Haipavaiza ni programu inayoendesha mashine pepe, KVM ni sehemu ya kerneli ya Linux inayoiwezesha, mgeni ni mfumo ulio ndani ya mashine hiyo, na diski tunayoiga ni ya virtio, kiwango cha vifaa pepe. Nachukulia unatumia x86, kumbukumbu ya mgeni umeshaiweka na KVM_RUN (wito unaomwendesha mgeni) inazunguka.

1. Ita KVM_CREATE_IRQCHIP (inaunda kidhibiti cha makatizo, yaani interrupts) kabla ya kuunda vCPU (kichakataji pepe) yoyote.

2. Weka siro ya maandishi (serial port) kwanza: lango 0x3f8. Kinachoandikwa hapo kichapishe, na mgeni akisoma 0x3fd mrudishie 0x60. Bila hii hutaona kerneli inalalamika nini.

3. Chagua anwani ya diski nje ya RAM, mfano 0xd0000000. Ikiangukia ndani ya RAM uliyomsajilia mgeni, KVM haitakurudishia KVM_EXIT_MMIO (taarifa kwamba mgeni amegusa anwani ya kifaa). Data itaandikwa kimya kimya kwenye kumbukumbu.

4. Kwenye amri ya kuwashia kerneli ongeza virtio_mmio.device=4K@0xd0000000:5. Kerneli iwe imejengwa na CONFIG_VIRTIO_MMIO_CMDLINE_DEVICES.

5. Jibu rejista (namba ni umbali kutoka anwani ya diski): 0x000 ni 0x74726976, 0x004 ni 2, 0x008 ni 2 (diski). Tangaza biti ya 32, VIRTIO_F_VERSION_1, la sivyo dereva (programu ya mgeni inayoongea na diski) atakukataa. Ukubwa wa diski unakaa 0x100, kwa sekta za baiti 512.

6. Foleni (virtqueue), njia ya maombi ya diski kwenye kumbukumbu ya mgeni. Hapa ndipo diski nyingi zinapoganda, kwa hiyo soma taratibu. Mgeni akiandika 0x050 (taarifa kwamba kuna ombi), chukua ombi kwenye pete ya zilizo tayari (available ring), fuata mnyororo wa vielezi (descriptors, vinavyotaja anwani na urefu): kichwa cha baiti 16, data, kisha baiti moja ya hali. Ukimaliza, mpangilio ni huu na haubadiliki: andika data na hali, jaza nafasi kwenye pete ya zilizotumika (used ring), weka kizuizi cha kumbukumbu (memory barrier), ndipo uongeze idx, kaunta ya pete hiyo. Ukiongeza idx mapema, mgeni atasoma takataka, na hitilafu itatokea siku moja na kupotea siku ya pili. idx ni ya biti 16 na huendelea kupanda hadi ijizungushe yenyewe. Igawe kwa ukubwa wa foleni na uchukue baki pale tu unapotafuta nafasi. Kisha weka biti ya 0 kwenye 0x060 (hali ya katizo), inua IRQ 5 (laini ya katizo) kwa KVM_IRQ_LINE na uishushe. Usipoishusha, katizo la kwanza litafika na la pili halitafika.

ONYO: anwani na urefu vyote vinatoka kwa mgeni. Vikague kabla ya kugusa kumbukumbu, na uweke kikomo cha mnyororo, kwa kuwa kielezi kinaweza kujirudia milele.

MASWALI

bitimoja: Nimefuata zote, haifanyi kazi. Msaada.
Jibu: Kerneli imeandika nini? Rejista ya mwisho kusomwa ni ipi? Leta hivyo kwanza.

bitimoja: Inasoma 0x000 tu, basi.
Jibu: Basi namba uliyorudisha siyo. Angalia mpangilio wa baiti.

mpita_njia: Si utumie QEMU tu, yote haya ya nini?
Jibu: Anayetaka kuendesha mashine atumie QEMU, haipavaiza iliyokwisha kukamilika. Somo hili ni la anayetaka kujua ndani kuna nini.

nyuzi_nne: Kila ombi linaitoa vCPU kwenye KVM_RUN. Inaepukika?
Jibu: Swali zuri sana. Sajili 0x050 kwa KVM_IOEVENTFD. Mgeni akiandika hapo, kerneli ya mwenyeji inaamsha uzi (thread) wako wa diski, na vCPU inaendelea na kazi bila kurudi kwako. Upande wa kurudi, yaani katizo kwenda kwa mgeni, tumia KVM_IRQFD. Lakini diski ifanye kazi kwanza kwa njia ya polepole, maana uzi wa pili unaongeza mahali pa kutafuta kosa.

nyuzi_nne: Asante. Siro yangu huchapisha herufi za ajabu mwanzoni.
Jibu: Biti ya 7 ya 0x3fb ikiwa imewashwa, kinachoandikwa 0x3f8 ni kigawanyo cha kasi, si herufi. Kitunze pembeni, usikichapishe.