Namna ya kuandika wasifu wa mwalimu wa kwaya aliyefariki, na kuokoa nyimbo zake

Misiba mingi, wasifu wa marehemu huachwa hadi usiku wa kuamkia mazishi, kisha ukakabidhiwa kijana mwenye kompyuta. Hutoka karatasi inayomfaa marehemu yeyote: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua. Mtu aliyefundisha kwaya miaka mingi, akalea familia na kubeba shughuli za mtaa, hatendewi haki hivyo. Siku ile ile kamati ya mazishi inapokaa mara ya kwanza, teueni watu wawili tu: mmoja wa ukoo, mmoja wa kwaya.

Wa ukoo achukue tarehe kwenye karatasi: cheti cha ubatizo, cha ndoa, barua ya kuajiriwa na ya kustaafu. Vyeti vikigongana kuhusu siku ya kuzaliwa, andikeni mwaka peke yake. Ugomvi huzaliwa kwenye orodha ya watoto. Mtoto wa nje akirukwa, au mke wa kwanza aliyetangulia kufariki asitajwe, maneno hayaishi. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya mjane na mzee mmoja wa ukoo kabla ya kwenda kuchapwa. Ugonjwa utajwe kwa kadiri mjane anavyoridhia.

Wa kwaya aulize mambo ya kushikika. Marehemu aliimba sauti ya ngapi? Alipiga kinanda au gitaa? Aliongoza kuanzia mwaka gani? Na hili msilikwepe: nyimbo zipi alitunga, zipi alipanga sauti tu, zipi alifundisha tu? Nyimbo nyingi hupachikwa jina la mwalimu kwa sababu yeye ndiye aliyezifundisha, na mtunzi halisi huenda amekaa benchi la tatu siku hiyo ya ibada.

"Alikuwa mtu wa watu" ni maneno matupu. Andikeni kwamba alitunza daftari la mfuko wa kuzikana kwa miaka kadhaa na hesabu zikakaa sawa, au kwamba kila siku ya mazoezi alifika kabla ya wote, akafungua madirisha na kupanga mabenchi manne, moja kwa kila sauti. Tendo moja la namna hiyo humrudisha mtu mbele ya macho ya waliomjua.

Maneno 500 husomwa kwa dakika tano hivi, na inatosha. Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, na kurasa zipewe namba. Msimpe mtoto wa kwanza kusoma. Sauti humkatika anapofika kwenye majina ya wadogo zake. Mpeni mkwe au rafiki wa marehemu, na mwingine asimame kando na nakala yake, tayari kuendelea.

Wimbo wa kumuaga uwe wake, na uwe ule ambao wanakwaya wa zamani wanaujua bila daftari. Ushusheni toni nzima: kama Do ilikuwa G, imbeni kwa F. Koo lililolia usiku kucha halifiki juu, na sauti ya kwanza ndiyo huanza kupasuka.

Daftari lake la nota lisiondoke nyumbani. Waombolezaji hulichukua kwa mapenzi mema na halirudi. Pigeni picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa juu sawa na karatasi, kisha kuzeni picha na kukagua alama ndogo. Katika nota za d, r, m, nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na kale kamstari kadogo chini au juu ya herufi huonyesha oktava, yaani kama noti iimbwe juu zaidi au chini zaidi. Nukta moja ikifutika, mwendo wa wimbo umebadilika. Ukurasa wa kwanza wa kila wimbo uonyeshe palipoandikwa Do ni ipi.

Kisha kaseti yenye sauti yake. Kabla ya kuicheza, vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwake. Bila hivyo, kubonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya kunafuta alichoimba. Ikiwa na ukungu mweupe, isiwekwe kwenye redio. Iliyo safi, izungusheni hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ulioshikana uachie. Safisheni kichwa cha redio na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, visubiri vikauke. Pitisheni sauti kwa waya, kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kompyuta la kuingizia sauti, kwani simu iliyowekwa mbele ya spika hunasa na kuku wa jirani. Hifadhini kama WAV (faili la sauti lisilobanwa), stereo, 44.1 kHz, biti 16: dakika moja huchukua takriban MB 10, kaseti ya dakika 60 kama MB 600. Sauti ikikwaruza, punguzeni ya redio na mrekodi upya. Mkwaruzo ulioingia hautoki.

Haki za nyimbo alizotunga huenda kwa warithi, kwa hiyo kwaya ikitaka kuzirekodi upya, wakubaliane na familia kwa maandishi. Kwa Tanzania, COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuulizia usajili. Nakala moja ya mafaili ikae kwa mjane, ya pili kwa katibu wa kwaya, na kila faili liandikwe jina la wimbo, mwaka kama unajulikana, na nani anaimba solo.