Dim sum safarini: anza na chai, vikapu vitakuja

Ukiwa Hong Kong au Guangzhou na ushapata restoranti ya Kichina uliyoipenda, usiende usiku ukategemea dim sum, yaani vile vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa kwenye vikapu vya mvuke, hiki ni chakula cha asubuhi mpaka mchana, mi huwa naingia saa nne hivi. Wikiendi wahi zaidi maana familia nzima zinakuja, bibi, babu, wajukuu, na zikishakaa haziondoki leo.

Halafu wenyewe Wakantoni, watu wa huko kusini mwa China, wanaiita yum cha, yaani kunywa chai, kwa hiyo ukikaa tu utaulizwa chai gani kabla hata hujaona menyu. Chukua pu'er, wao wanaitamka bo lei, ni nyeusi nzito na inakata mafuta vizuri, au ya jasmini kama unataka nyepesi. Mara nyingi chai inalipiwa kwa kila kichwa so usishtuke ukiiona kwenye bili. Ukiona watu wanasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza na kuimwaga kwenye bakuli, suuza na wewe. Mtu akikumiminia gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndo asante hiyo, unaweza kuwa na mdomo umejaa na bado ukawa na adabu. Na buli likiisha usianze kupunga mkono, funua mfuniko uulaze upande, mhudumu akipita anaongeza maji ya moto.

Sasa kwenye kuoda ndo watu wengi tunaharibu. Unapewa karatasi ya kutiki (zile restoranti za vigari vinavyozungushwa mezani zimebaki chache), na mi mara ya kwanza nilikuwa peke yangu nikatiki vitu kumi na moja, vikaja karibu vyote kwa mpigo, nilipofika kwenye har gow, vile vifuko vya unga vyenye kamba wa baharini ndani, zilishapoa, nainua kimoja ngozi ikabaki imeganda chini, kamba akaanguka kwenye chai. Tiki vitatu, kula, ndo utiki vingine. Kikapu kimoja kina vipande vitatu au vinne tu, kwa hiyo mkiwa watu wanne mnaonja vingi zaidi, peke yako ni kazi.

Hiyo har gow ndo ya kupimia jiko. Ngozi inatakiwa iwe nyembamba mpaka unaona upinki wa kamba ndani, mikunjo midogo midogo juu, wapishi wanasema isipungue saba, na ukiibana na vijiti isichanike. Ikipita mtihani huo oda cheung fun, ile ya unga wa mchele laini iliyoviringishwa na kumwagiwa soya, inateleza balaa, tumia kijiko bana hakuna atakayekucheka. Miguu ya kuku usiiogope, inakaangwa kwanza kisha inapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa mpaka ngozi inaachia yenyewe, we unanyonya na vifupa unaweka pembeni ya sahani. Tati ya mayai, kile kikeki chenye kastadi ya mayai katikati, iache mwisho ila uile ikiwa ya moto.

Kama huli nguruwe soma hapa vizuri. Char siu bao, ile mikate laini ya mvuke, ndani ni nguruwe wa kuchoma, siu mai, vile vifuko vilivyo wazi juu, kawaida ni nguruwe na kamba, na hata har gow inayoonekana safi inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwa hiyo uliza, usikisie kwa macho. Ukiwa Hong Kong kuna kantini ndani ya Masjid Ammar pale mtaa wa Wan Chai, dim sum yao ni halali.

Bei nyingi zinaenda kwa saizi, ndogo, kati, kubwa, na kila kikapu kinachokuja kinawekwa alama kwenye kadi iliyoko mezani. Usiitumie kufutia soya kama nilivyofanya mimi, ndo unayoipeleka kaunta kulipia.