Homa ya uti wa mgongo: ya kuandaa kabla ya usiku huo

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria haingoji kukuche. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wagonjwa 6 mmoja hufariki, na mmoja kati ya 5 hubaki na madhara makubwa. Aliyefika hospitali angali anazungumza ana nafasi nzuri kuliko aliyefika hajitambui au degedege halikatiki. Ndiyo maana maandalizi karibu yote ni ya kuokoa saa.

Anza na kadi ya kliniki. Kenya ilipoanza chanjo ya Hib, bakteria mmojawapo wa wanaoleta homa hii, mwaka 2001, watoto wa Kilifi waliolazwa kwa bakteria hao walipungua sana ndani ya miaka michache. Hakikisha chanjo ya nimokoka, bakteria mwingine wa homa hii, nayo imekamilika. Anayekwenda Hija achanjwe dhidi ya meningokoka, bakteria wa tatu wa homa hii, angalau siku 10 kabla ya kufika.

Jueni nyumbani ni nani hapaswi kusubirishwa hata kidogo: mtoto mchanga, mzee, mwenye selimundu, anayeishi na VVU. Homa, kichwa kuuma vibaya, shingo kukakamaa na kuchanganyikiwa vinajulikana. Lakini shingo ya mtoto mchanga huenda isikakamae. Mguse utosi kama umevimba, angalia kama anakataa kunyonya au amelegea. Na kipimo cha malaria kikisoma chanya, kisiwatulize: mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Dukani msipitie. Vidonge vya kubahatisha hufifisha dalili na kuwaficha vijidudu maabara, ugonjwa ukiendelea. Ila zahanati ya mbali ikisema imchome sindano ya antibiotiki kabla ya rufaa, kubalini.

Jambo la kuzungumza mapema kuliko yote, wakiwemo bibi na babu, ni kutolewa maji ya mgongo kwa sindano ili yapimwe. Nimesikia mara nyingi kwamba sindano hiyo hupoozesha au huua, na familia hukataa mgonjwa akiwa kitandani. Sindano huingia chini ya pale uti wenyewe wa neva unapoishia. Karibu wote wanaokufa baada yake huwa wameuawa na ugonjwa uliowazidi. Daktari akiiahirisha kwa sababu ya shinikizo kichwani, dawa haipaswi kuahirishwa nayo.

Msitegemee dawa ya ziada ifute ucheleweshaji. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, iliokoa watu wazima katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002. Malawi, mwaka 2007, haikusaidia. Wengi wa wagonjwa wa Malawi walikuwa na VVU.

Usafiri: wekeni namba ya mwenye gari au bajaji anayekubali kuamshwa, na mjue hospitali ipi inalaza na kupima maji ya mgongo usiku.

Akipona, kabla hamjaruhusiwa, ombeni apimwe masikio. Uziwi huja kimyakimya, na mtoto mdogo hawezi kuwaambia kwamba hasikii.