Tokyo mpaka Los Angeles: jinsi ya kupiga hesabu ya kilomita na masaa mwenyewe

Mimi kazi yangu kukata tiketi, na "ni masaa mangapi?" naulizwa kila siku. Shida ni kwamba hapo kuna maswali matatu: kilomita ngapi, unakaa hewani muda gani, na ukitua saa ya kule itakuwa inasoma ngapi. Ukiyachanganya umeumia. Tuchukue Tokyo na Los Angeles maana ndo zinasumbua watu sana.

Hatua ya 1: umbali
Achana na rula kwenye ramani ya ukutani, inadanganya. Tafuta tufe, lile duara la dunia, na uzi. Bana ncha moja Tokyo, vuta mpaka ukaze Los Angeles, utaona uzi wenyewe unapanda kaskazini hadi karibu latitudo 48 wakati miji yote miwili iko huku chini kwenye 34 na 36. Usiurudishe! Hiyo ndo njia fupi, ukiulazimisha ufuate mstari wa latitudo unaongeza kama kilomita 500 za bure. Sasa kipande hichohicho cha uzi kilaze juu ya ikweta uhesabu digrii, utapata kama 79, na kila digrii pale ni kilomita 111, zidisha, unapata karibu 8,800.

Hatua ya 2: muda
Gawa kwa 900, ndo mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Masaa 10 na robo hivi.

Hatua ya 3: upepo
Kule juu, mita 10,000, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, kipindi cha baridi unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda Los Angeles unakusukuma, kurudi unakupiga usoni na rubani anazunguka kuukwepa. Kwa hiyo weka 10 kwenda, 11 na nusu mpaka 12 kurudi.

Hatua ya 4: saa
Tumia masaa 24 tu, usianze kuchanganya na saa za Kiswahili katikati ya hesabu utapotea. Tokyo ni UTC+9 mwaka mzima, yaani masaa 9 mbele ya UTC, ile saa ya kulinganishia ya dunia nzima. Los Angeles ni UTC-8, ila kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba wanakuwa UTC-7. Tofauti ni 17 au 16.

Mfano wa Januari: unaondoka Tokyo Jumamosi 17:00, jumlisha 10, ni Jumapili 03:00 ya Tokyo, toa 17, unatua Jumamosi 10:00. Ndiyo, kabla hujaondoka! Mimi mwenyewe nilishawahi kumpangia mteja hoteli kuanzia Jumapili kwa safari kama hii, jamaa katua Jumamosi asubuhi hana pa kulala, simu aliyonipigia siisahau.

Kurudi: Jumamosi 12:00, jumlisha 12, jumlisha 17, Jumapili 17:00. Hapo tiketi itaandika +1 pembeni ya muda wa kufika. Na ukipanda ndege inayoondoka Tokyo 00:05 utakuta -1, siyo kosa la printa, ni kweli unatua jana yake jioni.