Jinsi ya kuandika familia zinazokimbia vita: mfano wa Newala, 1916

Tuchukue Newala, juu ya uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1916 Wareno, waliokwisha kuvuka Ruvuma, waliliteka boma la Wajerumani. Mwisho wa Novemba wakafurushwa. Kwa riwaya, muda huo unatosha kabisa.

Chagua familia tatu, zisizidi, na kila moja uipe kinachoikwamisha: mgonjwa asiyetembea, kijana aliyekamatwa kubeba mizigo ya jeshi, ghala lililojaa. Hatima zitokane na hayo.

Kisha piga hesabu. Unga nusu kilo kwa mtu kwa siku: watu watano, siku kumi, kilo 25. Huo ni mzigo wa kichwa kimoja, na maji bado. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji huchotwa mabondeni, chini ya mteremko, kwa hiyo swali la nani ashuke na mtungi ni sura nzima ya riwaya. Muhogo nao hukaa ardhini bila kuharibika. Lazima mtu atarudi usiku kuuchimba, na huyo ndiye atakayekamatwa.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni baba kuamua kila kitu. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wa zama hizo walihesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mwandike:

“Shemeji, wapwa zangu hawaendi Masasi.”

Baba ameshika kamba ya mbuzi, hana la kujibu. Hapo familia imegawanyika bila risasi hata moja.

Chunga na vidogo. Fedha ni rupia na heleri, si shilingi. Usijaze mashamba makubwa ya korosho. Hayo ni ya baadaye sana. Oktoba ni kiangazi: nyayo zinabaki mchangani, anayefuatilia anazisoma.

Weka daftari la siku, mahali, chakula kilichobaki na nani yupo. Bila hilo, bibi aliyezikwa sura ya nne atakula ugali sura ya saba.

Usiwaue wote, inachosha. Na familia iliyokimbilia upande wa Lindi usiifungie kitabu kwa sababu Wareno wameondoka: Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa siku nne, na jeshi linalopita huchukua chakula na wapagazi.